Kemigramu ishindanishwe pamoja na picha za kamera?

Karatasi Nyeupe: Kila yanapoandaliwa mashindano ya picha, ugomvi ni huuhuu. Kemigramu, yaani kazi iliyofanywa juu ya karatasi ya picha kwa divelopa (dawa inayotoa weusi) na fiksa (dawa inayoondoa chumvi ya fedha iliyobaki) tu, bila kamera wala lenzi, iingie kundi moja na picha za kamera? Mimi nasema iingie. Karatasi ni ileile, chumvi za madini ya fedha zinazogeuka kwa mwanga ni zilezile, dawa ni zilezile. Wadau, toeni hoja.

Mzee wa Lenzi: Isiingie. Mpiga picha anasubiri, anachagua pa kusimama, anapima mwanga. Ninyi mnamwaga dawa kwenye karatasi, linatokea doa, mnalitia fremu. Wengi wenu ni watu walioshindwa kupima mwanga wakakimbilia huko.

Kivuli: Shikamoo mzee, ila hapo kwenye "walioshindwa" umetutukana. Ngoja nikueleze ninachofanya. Karatasi naipaka vanishi, taa inawaka, kisha nachora mkwaruzo kwa sindano. Nikiichovya kwenye divelopa, dawa inapenya kwenye mkwaruzo peke yake, panakuwa peusi. Nasuuza, napeleka kwenye fiksa. Wakati huo vanishi imeanza kulegea kandokando ya mkwaruzo, na pale panapofunuka panabaki peupe, kwa kuwa fiksa imeondoa chumvi ya fedha kabla divelopa haijaigusa. Narudi kwenye divelopa, narudi kwenye fiksa. Kila mzunguko unaongeza mstari: mweusi, mweupe, mweusi. Ukichelewa kidogo vanishi inabanduka yote na kazi imekwisha. Ndiyo maana nashika karatasi kwa mikono mitupu, nisikie kwa vidole inavyolegea. Hilo ni doa?

Pita Njia: Kwani aliyeanzisha hii si yule Mfaransa? Naye si alikuwa mchoraji tu?

Msoma Vitabu: Mbelgiji, ndugu. Pierre Cordier, mwaka 1956, aliandika maneno kwa rangi ya kucha juu ya karatasi ya picha, mambo yakaanzia hapo. Tena kabla yake, mwaka 1843, Anna Atkins wa Uingereza alianza kutoa kitabu cha mwani kwa sayanotaipu, picha za buluu zisizohitaji kamera: mmea unalazwa juu ya karatasi, jua linafanya kazi. Talbot naye, mwasisi mwingine wa picha huko Uingereza, miaka ya 1830, alilaza majani na lesi. Mkiwatoa wasiotumia kamera, mnawatoa waasisi wenyewe.

Mzee wa Lenzi: Sayanotaipu ni chumvi za chuma, si fedha, kwa hiyo hiyo "karatasi ileile" ya mwenye mada haipo hapo. Na mwani wa Atkins ukiutazama unaujua ni mwani. Ya kwenu inaonyesha nini?

Chovya: Jamani subirini kwanza. Kivuli, umesema mikono mitupu? Kwenye divelopa? Nyingi zina kemikali za metoli na hidrokwinoni! Metoli inawasha ngozi, na mwili ukishaikataa ndiyo basi, kila ukiigusa unaumuka. Vaa glavu za nitrili au tumia koleo.

Kivuli: Dada Chovya, wakongwe wa chumba cha giza walichovya vidole maisha yao yote.

Chovya: Na wapo walioiacha kazi kwa ngozi kupasuka. Usiwataje wale tu waliosalimika.

Pita Njia: Na hiyo fiksa iliyotumika mnaimwaga wapi? Imebeba fedha yote iliyotoka kwenye karatasi. Ikifika mtoni ni balaa kwa viumbe vya majini.

Mzee wa Lenzi: Ndicho ninachokisema! Hata dawa hawajui kuzitunza.

Kivuli: Mzee, wewe umesafisha filamu miaka yote hiyo. Fiksa yako ilikwenda wapi? Nijibu hilo kwanza.

Mzee wa Lenzi: Mimi fiksa naitumia mpaka ichoke. Natia kipande cha filamu, kikichukua muda mara mbili wa kawaida kuwa angavu, najua imechoka. Ninyi mnarudisha karatasi huku na huku, divelopa inaingia kwenye fiksa, zote mbili zinaharibika mapema.

Kivuli: Nimesema nasuuza katikati. Na hujajibu ilikwenda wapi.

Chovya: Wote wawili, tumbukizeni sufu ya chuma kwenye ndoo ya fiksa. Chuma kinayeyuka, fedha inaganda pale. Kisha ile tope na maji yake mpeleke wanakopokea taka za kemikali.

Karatasi Nyeupe: Nawaomba turudi kwenye mada. Kundi moja au la?

Mzee wa Lenzi: Wapewe kundi lao. Sijawahi kusema wafukuzwe.

Msoma Vitabu: Mzee, swali lilikuwa kundi moja, na jibu lako la kwanza lilikuwa "isiingie". Sasa umehamisha goli.

Kivuli: Kundi la pembeni silitaki. Huko ndiko majaji wanakofika wamechoka, wanatoa cheti cha kututuliza. Nataka kazi yangu itundikwe ukuta mmoja na ya mzee, mtazamaji asimame hapo aamue mwenyewe.

Mzee wa Lenzi: Itundike. Mtazamaji atakuuliza nilichokuuliza: inaonyesha nini? Bado hujanijibu.

Kivuli: Inaonyesha dawa ilivyopita. Kila mstari ni zamu moja ya dawa, na unaweza kuzihesabu. Picha yako inaonyesha mwanga ulivyopita. Sioni kwa nini moja iwe picha na nyingine iwe doa.

Pita Njia: Chovya, hiyo sufu ni ile ya kusugulia sufuria?

Chovya: Ndiyo, ila isiwe na sabuni. Na Kivuli, glavu hujazijibu.