Naombeni ushauri: mfadhili anataka sura ya mgonjwa kwenye kampeni ya fistula

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Nafanya kazi za uhusiano wa umma, wateja wangu wengi ni asasi ndogo. Sasa niko na kikundi kinachohamasisha wanawake wenye fistula ya uzazi (tundu linalobaki baada ya uchungu pingamizi, mama akavuja mkojo au haja kubwa bila kujizuia) wajitokeze kutibiwa. Tunalenga tarehe 23 Mei, siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula.

Mfadhili anataka video ya mama aliyepona: sura wazi, jina na kijiji chake. Tulimpata mama, akasaini fomu. Juzi kanipigia, anaogopa kwa sababu wakwe wa binti yake hawajui kama aliwahi kuugua. Kwangu mimi hapo mjadala umekwisha. Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na mtu anaweza kuondoa ridhaa yake wakati wowote.

Nimependekeza sauti tu, jina la kubuni, irushwe redio za jamii, na kwenye video aongee muuguzi. Nimejibiwa kwamba "haigusi moyo". Lakini redio ndiyo inayofika vijijini waliko wagonjwa wenyewe! Video itaishia kwetu sisi wenye bando.

Waliowahi kukwama hapa, mlimshawishi mfadhili kwa hoja gani? Na kwenye mkataba, kipengele cha mhusika kujitoa hata baada ya kurekodiwa mnakiandikaje? Mwenye mfano wa maneno yake anisaidie, kikao ni wiki ijayo.