Nani hasa huamua sera ya elimu ya taifa?

Mdadisi: Sheria za nchi huikabidhi serikali mamlaka juu ya elimu, lakini ukisoma mipango ya wizara za nchi zisizofanana kwa lolote unakuta malengo yaleyale na hata istilahi zilezile. UNESCO, Benki ya Dunia na OECD, yaani shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, hupata wapi nguvu hiyo, ilhali hakuna shirika kati ya hayo lenye uwezo wa kutunga sheria ya nchi?

Mchambuzi: Ndugu Mdadisi, anza na fedha. Benki ya Dunia ilianza kukopesha elimu mwaka 1962, na katika miaka ya 1980 mikopo ya marekebisho ya uchumi ilikuja na masharti ya kubana matumizi, ndipo wazazi wengi wakaingizwa katika uchangiaji wa gharama. Siku hizi sharti limehamia kwenye utaratibu wa malipo: fedha hutolewa kwa awamu, na kila awamu husubiri kiashiria fulani kihakikiwe, tuseme idadi ya walimu waliopangwa katika shule zenye upungufu. Ofisa mipango anayelijua hilo hangoji kuamriwa. Hushughulikia kwanza kinachohesabiwa, na maktaba, isiyo na kiashiria, husubiri.

Mwalimu Mstaafu: Fedha pekee hazitoshi kueleza jambo hili. Ujerumani haikuwa inasubiri mkopo wa mtu yeyote, lakini PISA, upimaji wa OECD kwa wanafunzi wa miaka 15, ulipofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na kuiweka chini ya wastani katika kusoma, hisabati na sayansi, nchi nzima ilitaharuki, na kuanzia 2003 mawaziri wa elimu wa majimbo, ambayo huilinda mno mamlaka yao, walipitisha viwango vya pamoja. Jedwali la matokeo tu lilitosha.

Mchangiaji: Nakubali, ila tusisahau kwamba serikali nazo huyatumia mashirika hayo. Azimio la Incheon la 2015, lililopitishwa katika mkutano wa kimataifa wa elimu ulioandaliwa na UNESCO na wenzake, lilihimiza nchi zitenge angalau asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa, au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya umma, kwa ajili ya elimu. Halimfungi mtu kisheria, lakini waziri wa elimu huenda nalo kwa mwenzake wa fedha wakati wa kugawana bajeti. Tatizo ni kwamba huyo wa fedha mara nyingi ameshakaa na Shirika la Fedha la Kimataifa kuzungumzia kupunguza mzigo wa mishahara, na sehemu kubwa ya mishahara hiyo ni ya walimu.