Vijana wangu wote wanamtetea Jason Todd. Nianzie wapi kuwajibu?

Mwalimu wa Tudor:

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwenu nyote.

Ninasimamia kikundi cha vijana wa sekondari hapa Tudor ambao hukutana kila Jumamosi kusoma na kujadili hadithi, na mwezi huu wao wenyewe walichagua kisa cha Jason Todd, yule Robin wa pili, kijana msaidizi wa Batman, aliyeuawa na Joker, adui mkuu wa Batman, mwaka 1988, kisha akarudishwa na waandishi wa kampuni ya katuni ya DC mwaka 2005 akiwa muuaji anayejiita Red Hood. Nilitarajia kwamba wangegawanyika na mjadala ungejiendesha wenyewe, lakini hawakugawanyika hata kidogo. Wavulana kwa wasichana, wote wanasema kwamba Jason ana haki na kwamba Batman anaitukuza kanuni yake ya kutoua kuliko anavyowajali watu.

Sababu yao si ya kitoto, na ndiyo maana nimekuja hapa. Tulipokuwa tukitazama filamu ya katuni ya mwaka 2010 inayosimulia kurudi kwake, kijana mmoja, ambaye nyumbani kwao hakuko mbali na maskani panapouzwa unga wa kulevya mchana kweupe, aliomba tuisimamishe pale Red Hood anapowakusanya wakubwa wa biashara hiyo katika jiji la Gotham. Anawatupia mezani mfuko uliojaa vichwa vya wasaidizi wao, anawaambia kwamba kuanzia siku ile watamlipa asilimia 40 ya mapato yao, na kwamba atakayewauzia watoto au kuzunguka karibu na shule atauawa. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, ni nani hapa kwetu aliyewahi kuwaambia hivyo wakamsikia?" Wenzake wakanyamaza kungoja jibu, nami sikuwa na jibu lililostahili swali lake.

Ninachoomba ni hiki: je, kuna namna ya kuisoma hadithi hii ambayo haimfanyi Jason kuwa mkombozi, wala haimpunguzi hadi awe mhalifu wa kawaida, na ambayo mtoto wa Mombasa anaweza kuipokea bila kuhisi kwamba anahubiriwa?

Mkaazi wa Kibokoni:

Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Wasomaji wengi humfahamu Jason kuanzia kurudi kwake tu, na nadhani hapo ndipo wanapopotea njia. Mimi ningewaanzishia vijana kabla ya kifo.

Alipoingizwa katika hadithi mwaka 1983 na Gerry Conway na Don Newton, alikuwa karibu nakala ya Dick Grayson, Robin wa kwanza: mtoto wa wanasarakasi ambaye wazazi wake wameuawa. Mwaka 1987 Max Allan Collins alimwandika upya, na huyo wa pili ndiye tunayemjua leo, mtoto wa mtaani ambaye Batman alimkuta akifungua magurudumu ya gari lake katika uchochoro uleule ambamo wazazi wa Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, waliuawa, kisha akamlea kama mwanawe. Kwa hiyo hasira yake aliingia nayo katika nyumba ya Wayne, kaburi halikumpa.

Kisha waonyeshe toleo la 424 la jarida la Batman, la mwaka 1988, ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko hata toleo la kifo chenyewe. Mtoto wa balozi, Felipe Garzonas, anamdhulumu msichana, analindwa na kinga ya kibalozi ya baba yake, na msichana yule anajinyonga. Robin anatangulia kwenda nyumbani kwa Garzonas, na Batman anapofika anamwona kijana huyo anaanguka kutoka roshani. Jason anasema kwamba alimshtua tu, naye akateleza. Mwandishi Jim Starlin hakutuonyesha kilichotokea juu ya roshani ile, na wasomaji wangali wanabishana. Waulize vijana wako wanaamini nini, na muhimu zaidi, wanatamani iwe nini. Hapo Jason bado ana umri kama wao, na bado amevaa nguo za Robin.

Baada ya hapo ndipo ikaja kura. Mhariri Dennis O'Neil aliwaacha wasomaji waamue kwa simu kama Jason anusurike katika mlipuko aliotegewa na Joker au afe, kila simu ikigharimu senti 50, na laini zikawa wazi kwa saa 36. Kura 5,343 zilitaka afe na 5,271 zilitaka aishi, tofauti ya kura 72 tu. Ukurasa wa yeye kuwa hai ulikuwa umekwisha kuchorwa, ukawekwa kando. Mimi hulikumbuka jambo hili kila ninapomsoma Red Hood, kwa sababu anapomuuliza Batman ni vipi muuaji wake angali anapumua, swali hilo linawafikia pia watu waliolipa fedha zao ili afe.

Wakili wa Makadara:

Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza, na kaka yangu wa Kibokoni amesema vyema. Mimi nitasema kwa upande wa kazi yangu, kwa sababu nimekaa na mama ambao wana wao walichukuliwa na watu wasiojitambulisha na hawakurudi tena.

Vijana wako wanadhani kwamba tatizo letu ni kukosa mtu aliye tayari kuua. Hapa Pwani hatujawahi kukosa mtu wa namna hiyo. Tumekuwa na umati unaopaza sauti ya "mwizi!" na kumaliza maisha ya mtu kwa mawe na tairi kabla hata hajaulizwa jina, na tumekuwa na vijana waliokutwa wamekufa, au waliopotezwa kabisa, ikisemwa baadaye kwamba walikuwa wa genge au walikuwa magaidi. Katika kila tukio kulikuwa na mtu aliyekuwa na yakini kama aliyo nayo Red Hood. Tofauti ni kwamba katika katuni mchoraji ametuhakikishia kwamba vichwa vilivyomo mfukoni ni vya wahalifu kweli, ilhali mtaani hakuna anayetupa uhakika huo. Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtuhumiwa haki ya kusikilizwa kwa uadilifu, na watu hukichukulia kama hisani kwa mhalifu. Kwa wale mama niliowataja, ndicho kitu pekee ambacho kingeweza kumtenga mtoto wao na mtu aliyefananishwa naye.

Hata hivyo, sitaki uwaambie vijana kwamba Batman ana jibu kamili, kwa sababu hana. Joker akikamatwa hupelekwa Arkham, hospitali ya wahalifu wenye wazimu, hutoroka, huua tena, na mzunguko huo umeendelea kwa miongo. Jason ana haki ya kuliona hilo kuwa fedheha. Kenya haijamnyonga mfungwa yeyote tangu mwaka 1987, nami naafiki, lakini hatukuwaacha wauaji watembee. Tulijenga magereza, na milango yake hufungwa. Gotham haina mlango unaofungwa, na kosa hilo ni la jiji zima. Batman ni mtu mmoja ambaye amechukua kazi ya jiji zima kisha akakataa sehemu yake moja, na mwanawe amerudi kumkumbusha kwamba mwanzo kabisa hakuna aliyemkabidhi kazi hiyo.

Binti wa Kisauni:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo dada Wakili. Mimi ni mshauri wa waraibu wanaotaka kuacha unga, na ningependa kurudi kwenye ile asilimia 40, kwa sababu naona watu wanaipita haraka.

Red Hood hakuifunga biashara. Aliitwaa kutoka kwa Black Mask, bosi wa wahalifu wa Gotham, akaiwekea kodi na masharti. Sharti la kutowauzia watoto linagusa moyo, na namwelewa sana kijana aliyesimamisha filamu, lakini jiulize unga unaoendelea kuuzwa unaishia wapi. Unaishia kwa baba wa mtoto yuleyule, au kwa kaka yake aliyefikisha miaka 18 juzi. Ninaowahudumia wengi walionjeshwa na mtu wa nyumbani au rafiki wa karibu, wala hawakufuatwa na muuzaji kwenye lango la shule. Mtoto hulindwa na mtaa ambao unga haufiki kabisa, au ambao ukifika, anayeutumia ana pa kukimbilia.

Mji wetu una mfano ambao vijana wako wamewahi kuusikia kwa wazazi wao. Mnamo Januari 2017 ndugu wawili wa Akasha, waliokuwa wakifanya biashara ya unga, walichukuliwa kutoka Kenya wakapelekwa Marekani, wakakiri makosa yao, na mwaka 2019 mkubwa wao, Baktash, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 na mahakama ya New York. Hakuna kichwa kilichokatwa. Kilichotumika ni ushahidi, rekodi na uvumilivu wa miaka. Pamoja na hayo, unga haukwisha mitaani kwetu, kwa sababu mwili wa mraibu haujui kwamba bosi amefungwa, na kesho yake asubuhi utadai tu. Kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mraibu kuacha unga, hapa Kisauni, ambako mtu hupanga foleni kila siku kunywa dozi yake mbele ya muuguzi, imewafikia watu ambao hakuna Red Hood angewafikia. Ni kazi isiyo na kofia nyekundu wala bastola mbili, na najua kwamba haichoreki kwa urahisi, lakini ningefurahi kama ungewaleta vijana wako tuzungumze nao.

Mwana wa Likoni:

Ndugu zangu, nimewasoma wote kwa heshima, na bado naona kwamba mmemshtaki Jason kwa kesi ambayo si yake. Mnamjadili kama mtu aliyerudi kuusafisha mji. Unga, vichwa, Black Mask, hayo yote ni njia aliyoitumia kumfikisha baba yake ndani ya chumba kimoja pamoja na Joker.

Akishamfikisha, sikilizeni anachodai. Hamlaumu Batman kwa kuchelewa kumwokoa. Hilo anasema amekwisha kumsamehe. Hataki pia auawe Penguin wala Scarecrow wala adui mwingine yeyote wa Batman. Anamtaka mmoja tu, yule aliyempiga kwa mtaimbo hadi akashindwa kusimama, na hoja yake ni kwamba lau Joker angemuua Batman, yeye Jason asingelala hadi amlipizie. Anamtupia Batman bastola, anamshika Joker mbele yake, na kumwambia achague. Hilo ni dai la mtoto anayetaka kujua thamani yake kwa mzazi wake, na kulijibu kwa vifungu vya Katiba, samahani dada Wakili, ni kumwacha pale pale alipo.

Sisi watu wa Pwani tumekua na kisa cha Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeishika sindano hiyo alikuwa mwanawe, aliyehadaiwa na mtawala wa Pate kwa ahadi ambazo hazikutimizwa. Mtoto yule tunamlaani kwa sababu aliuza mapenzi ya baba yake. Jason namwona kuwa kinyume chake: anayo silaha na anayo nafasi, na angeweza kumuua Bruce mara nyingi, lakini anachokitafuta ni ushahidi kwamba alipendwa. Njia yake imejaa damu, sikatai. Lakini Mwalimu, ukiwaambia vijana kwamba hasira yake haina msingi, watakuona humwelewi mtoto aliyeachwa, na baadhi yao huenda wanamfahamu mmoja.

Mwalimu wa Tudor:

Nawashukuru sana. Ndugu wa Likoni, maneno yako ya mwisho yamenigusa, kwa sababu kijana niliyemtaja analelewa na bibi yake, na sikuwahi kuliunganisha hilo na swali lake. Binti wa Kisauni, mwaliko wako nimeupokea kwa mikono miwili na nitakuandikia ujumbe.

Jumamosi ijayo nitaanza na toleo la 424, kisha tusome mwisho. Je, niwape mwisho wa kitabu au niwaachie ule wa filamu ambao wameuona?

Mkaazi wa Kibokoni:

Wape wa kitabu, Mwalimu, katika toleo la 650 lililoandikwa na Judd Winick, kwa sababu tofauti yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika filamu, Batman anarusha kile kisu chake chenye umbo la popo, kinaingia ndani ya mtutu wa bastola ya Jason, na bastola inalipuka. Kwa njia hiyo baba ameepushwa kuchagua, maana amekipiga chuma. Katika kitabu kisu hicho kinagonga bomba, kinarudi na kumkata Jason shingoni. Anaanguka akivuja damu, na Joker anacheka kwa furaha kwamba Batman amepata njia ya kushinda, na bado kila mtu ameshindwa.

Ukifika hapo, usiwaulize vijana nani ana haki, kwa maana hilo wamekwisha kulijibu. Waulize Batman alikuwa akilenga nini aliporusha, kisha uwarudishe kwenye roshani ya Garzonas uwaulize swali hilohilo kuhusu Jason. Mimi naamini Batman alilenga kuokoa uhai wa kila mtu chumbani, pamoja na mwanawe, na alikuwa tayari kumjeruhi ili kuufikia, na kwamba kwa sababu hiyo Jason ana haki ya kutomsamehe. Ndugu wa Likoni bila shaka atanipinga, na ningependa kuisoma hoja yake kabla ya Jumamosi.

Mwana wa Likoni:

Nakupinga kwa sehemu, kaka. Mtu aliyemfundisha Jason kurusha kisu kile alijua kitagonga wapi na kitarudi wapi. Nitaandika kwa urefu kesho baada ya Isha, na Mwalimu akiniruhusu, nitavuka feri Jumamosi nije niyasikie majibu ya vijana wenyewe.