John Amagoalik kaipigania Nunavut miaka yote ile, mbona hakuwa waziri mkuu wake wa kwanza?

Mtafiti Huru: Wakuu salaam. Nimekuwa nasoma habari za Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini kabisa mwa Canada, nikakutana na huyu mzee Amagoalik, kila mahali anaitwa baba wa Nunavut, yaani eneo lao lenye serikali yake ndani ya Canada. Sasa Nunavut ilipoanza rasmi tarehe 1 Aprili 1999 kiti cha waziri mkuu kakalia Paul Okalik, kijana wa miaka 34. Mzee alienda wapi? Na walipataje eneo la karibu kilomita za mraba milioni 2 bila kumwaga damu? Mwenye kujua atiririke.

Mama Zuu: Mkuu, huyu mzee anzia 1953. Walikuwa wanakaa Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, serikali ikaja ikazipakia familia kadhaa melini ikazipeleka zaidi ya kilomita 2,000 juu huko, Resolute Bay na Grise Fiord kwenye visiwa vya Aktiki, eti mawindo ni mengi na msipopapenda baada ya miaka miwili mtarudishwa. Yeye alikuwa mtoto wa miaka kama mitano. Wamefika ndo wanaambiwa hamkai sehemu moja, ndugu wakatenganishwa hapohapo melini, na kurudishwa hakuna aliyerudishwa kama walivyoahidiwa. Wengi wanaamini Canada ilitaka tu watu wake wakae kule ili visiwa vionekane ni vyake. Serikali kuomba radhi rasmi ni 2010, jamani, miaka 57! Mimi hii inaniuma sana.

kk_arusha: Hapo kwenye damu, walishinda kwa meza na uvumilivu. Chama chao cha Inuit Tapirisat kilianza 1971, wakapeleka serikalini pendekezo la kwanza la kupata eneo lao 1976, na Amagoalik alikuja kukiongoza mara mbili. 1982 ikapigwa kura kama Northwest Territories, eneo kubwa ambalo Nunavut ilikuwa ndani yake, igawanywe, asilimia 56 hivi wakakubali. Mkataba ukasainiwa Mei 1993, Wainuit wakamilikishwa kama kilomita za mraba 350,000 na fidia ya dola bilioni 1.1 na ushee, ila wakaachia madai mengine ya ardhi, na wapo wanaowalaumu kwa hilo mpaka leo. Mimi siwalaumu, maana serikali waliyoidai ni ya wakazi wote na Wainuit ni kama asilimia 85 ya wakazi, kwa hiyo kura zikipigwa uamuzi unabaki kwao.

Mama Zuu: Kuhusu kiti, baada ya mkataba mzee alipewa uenyekiti wa tume ya kuiandaa hiyo serikali, bungeni hakuingia. Na kule hakuna vyama, wabunge 19 walichaguana wenyewe kwa wenyewe nani awe waziri mkuu. Okalik naye hakuokotwa, alishiriki mazungumzo ya mkataba na ni mwanasheria. Kwangu kazi kubwa ya mzee ni ile hoja ya tume yake kwamba kila jimbo litoe wabunge wawili, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja. Aliipigania kweli, ila kura ya 1997 asilimia 57 wakaikataa.

Mtafiti Huru: Duh, asanteni sana. Waliokataa walikuwa wanaume?

kk_arusha: Hapana mkuu, hata wanawake walikuwemo. Manitok Thompson, waziri kabisa kwenye serikali ya Northwest Territories, alipinga waziwazi, akitaka mwanamke achaguliwe kwa uwezo wake. Uchaguzi wa 1999 ulipofika, kati ya wale 19 mwanamke aliyepita ni huyohuyo Manitok peke yake.