Naomba ushauri: kuiandaa boti ya alumini ya futi 14 kwa uvuvi na kuwinda bata

Kasia_Moja:
Habari za wakati huu wakuu. Nina boti ya alumini iliyoungwa kwa ribiti (misumari ya metali inayopondwa mkia), tumbo bapa, urefu futi 14, upana wa sakafu mita 1.2, ukingo una kimo cha sm 50. Ina mabenchi matatu yenye povu ndani. Ni ya ziwani na mtoni, maji yasiyo na chumvi.

Ninachotaka: sitaha ya omo (mbele) ya kusimama mtu mmoja akirusha ndoano, katikati pawe wazi bila benchi, tangi la samaki hai, mota ya umeme yenye msukumo wa pauni 55 omo, injini ya farasi 15 tezi (nyuma), na maficho ya kukunja kwa msimu wa bata. Ninazo tayari karatasi mbili za plaiwudi ya mm 18 iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza.

Maswali yangu: benchi la katikati linaweza kuondoka bila madhara? Plaiwudi hiyo inafaa? Nyaya za mota ziwe nene kiasi gani? Na kwenye maficho nizingatie nini? Natanguliza shukrani.

FundiBati:
Mkuu, weka msumeno chini kwanza. Benchi la katikati lina kazi tatu, na kukaliwa ndiyo ndogo kuliko zote. Linashika ubavu wa kushoto na wa kulia visichezecheze boti inapopigwa na wimbi, na limebeba povu linaloizuia boti isizame ikijaa maji. Ukiling'oa na kuacha wazi, pande zinaanza kupumua, ribiti zinalegea moja baada ya nyingine, na mvujo unatokea mbali kabisa na pale ulipokata.

Njia ninayoiamini ni kukata sehemu ya kati tu na kuacha sm 20 za benchi kila upande, uzigeuze kuwa masanduku ya pembeni. Unapata njia ya kupita, na nguvu kubwa inabaki. Ukiondoa lote, funga pembe za alumini za mm 50 kwa 50, unene mm 3, kutoka ubavuni hadi kwenye mataruma (mbavu) ya sakafu, angalau mbili kila upande, halafu sakafu mpya ifungwe kwenye mataruma hayohayo ili nayo ishike.

Sasa povu, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Pima ujazo wa unalotoa, urudishe usiopungua huo. Lita 100 za povu kavu huinua takriban kilo 95. Lakini usilirundike lote chini ya sakafu! Boti ikijaa maji, kinachoelea hutafuta kupanda juu, kwa hiyo povu la chini linaigeuza tumbo juu na watu wake. Liweke pembeni, juu kadiri nafasi inavyoruhusu, kushoto sawa na kulia, na kiasi kikubwa zaidi kiwe tezi kwa sababu ya uzito wa injini. Povu jeupe la vifungashio huyeyuka likiguswa na petroli, tafuta povu la polithini lisilonyonya maji. Na la zamani lipime: kata kipande ukikamue. Kikitoa maji, toa lote. Povu lililolowa haliinui kitu, linaongeza kilo, tena linaiweka alumini kwenye unyevu mwaka mzima.

Ndoano_Tisa:
Hiyo plaiwudi ya dawa itoe kabisa kwenye mpango. Dawa nyingi za mbao zina shaba ndani yake, na shaba iliyolowa ikigusana na alumini, inayoliwa ni alumini. Utaona kwanza unga mweupe kando ya skrubu, kisha vitundu kama vya sindano. Kuipaka rangi hakuokoi, kwani kila skrubu inapopita imefungua njia. Halafu mm 18 ni kilo 10 hivi kwa mita ya mraba. Utabeba msitu.

Tumia plaiwudi ya baharini ya mm 12 (kilo 6 hadi 7 kwa mita ya mraba) juu ya fremu ya pembe za alumini zilizoachana sm 40, au karatasi ya alumini ya aina ya 5052 yenye mm 3 (kilo 8) juu ya fremu ya sm 30. Ukichagua mbao, epoksi mikono mitatu pande zote, na kingo uzinyweshe mpaka zikatae, kwa sababu maji huingilia kwenye kingo. Tundu la skrubu lina utaratibu wake: toboa kubwa kuliko skrubu kwa mm 3, jaza epoksi, ikikauka toboa tena saizi halisi katikati. Hapo skrubu inakaa ndani ya epoksi na mbao hailowi.

Skrubu na bolti ziwe za chuma cha pua, na kila moja ipakwe grisi ya kutenganisha metali au ivalishwe washa ya nailoni. Mistari ya kukatia chora kwa kalamu ya wino. Penseli hapana: ile risasi yake ni kaboni, na kaboni ikilowa inaichimba alumini palepale ulipopitisha mstari. Vilevile, ukiwa mwindaji, zoea kuokota maganda ya risasi kabla hujafunga boti. Vitako vyake ni vya shaba ya manjano, na ganda moja lililojificha ngamani (chini kabisa ndani ya boti) kwenye maji machafu linaacha kovu la duara. Chubwi za risasi na sarafu nazo ni hivyohivyo.

Kasia_Moja:
Nashukuru sana, plaiwudi hiyo naiacha. Nimesahau kusema kuna ribiti zinazovuja, sijui ngapi. Nipake silikoni kwa ndani?

FundiBati:
Silikoni hapana. Haishiki vizuri, na ikishapaka mahali, gundi ya maana haitashika tena hapo.

Iweke boti kwenye trela, egemeza tumbo kwa mbao sehemu kadhaa, tia maji kimo cha sm 5 tu. Usizidishe, kwa ukubwa huo sm 5 tayari ni kilo 200 hivi. Pita chini na kitambaa, kausha ribiti moja moja, weka alama kila inayotoa tone. Toa maji, kisha uzikaze: mmoja anabana kipande cha chuma cha kilo 2 au 3 kwenye kichwa cha nje, mwingine anagonga mkia kwa ndani kwa nyundo ndogo, mapigo mafupi. Nyingi zitanyamaza. Iliyochoka kabisa itoboe uitoe, weka ribiti ya mm 4.8 ya aina iliyozibwa mwisho, uichovye kwenye gundi ya polyurethane kabla ya kuivuta. Ribiti za kawaida za bastola ya ribiti zina tundu katikati na maji yatapita humo.

Ukiwa hapo hapo, gonga ubao wa tezi kwa mpini wa bisibisi. Ukitoa sauti ya kufa, mbao ya ndani imeoza, na injini ya farasi 15 haifungwi juu ya kilichooza. Angalia pia bamba la boti linaruhusu farasi ngapi na kilo ngapi.

Volti12:
Nyaya. Mota ya pauni 55 ya volti 12 huvuta hadi ampea 50 ikiwa kasi yote. Betri ikikaa tezi, kwenda na kurudi ni kama mita 7 za waya. Waya wa milimita za mraba 6 utapoteza takriban volti 1 njiani na kupata moto, wa 16 utapoteza 0.4. Weka wa 16, wenye nyuzi za shaba zilizopakwa bati.

Kikata umeme cha ampea 60 kiwe kwenye waya wa chanya, ndani ya sm 18 kutoka kwenye betri. Kikiwekwa omo karibu na mota, waya mzima hauna ulinzi, na ukikwaruzwa na ukingo wa alumini unawaka. Kila tundu la kupitishia waya livalishwe pete ya mpira. Hasi ya kila kifaa irudi kwenye betri kwa waya wake. Usiugeuze mwili wa boti kuwa hasi, utakuwa umeiingiza alumini kwenye mkondo wa umeme majini.

Betri ya risasi na asidi ya ampea-saa (Ah) 100 ihesabu nusu tu ya matumizi: saa moja kasi yote, au saa nne hivi kwa mwendo wa ampea 12. Ina kilo karibu 30, ya lithiamu ni nusu ya hapo au pungufu. Hiyo ya risasi hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo isifungiwe sanduku moja na tangi la petroli.

Pampu ya ngama ya lita 2,000 hadi 3,000 kwa saa inatosha. Swichi yake ya kuelea iungwe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi yake, ili ifanye kazi hata umezima swichi kuu.

Kinamasi:
Maficho: fremu ya mabomba ya alumini ya mm 25, ikunjike kuelekea nje na ilale juu ya ukingo. Kimo kiwe cha mtu aliyekaa, macho tu yapite juu. Maficho yaliyosimama ni tanga. Boti ikiwa mwendoni yawe yamelala, la sivyo upepo wa ubavuni utakuchukua.

Majani yakate palepale unapowindia, maana bata wanaona rangi ngeni upesi. Yakae mbali na injini, kwani majani makavu karibu na moshi ni moto. Rangi ya boti iwe isiyong'aa hata kidogo: osha mafuta, piga msasa, paka praima ya alumini siku hiyohiyo kabla tabaka jipya la oksidi halijajijenga, kisha rangi. Sehemu ya chini ya mifuniko ya masanduku usiisahau, ukiifungua jua likaipiga inamulika kama kioo.

Wapigaji wakae, wasisimame wawili. Bunduki ziwe tupu boti ikitembea, na usome sheria za eneo lako, kwani kuna mahali ambapo hairuhusiwi kufyatua kabla injini haijazimwa na boti haijasimama.

Kasia_Moja:
Zulia kwenye sitaha je? Na tangi nililifikiria tezi, chini ya miguu ya dereva.

Ndoano_Tisa:
Zulia linanyamazisha bati, lakini linashika maji na ndoano. Mkeka wa povu la EVA unanyamazisha vilevile na unakauka haraka. Weka pia vipande vyembamba vya mpira kati ya sitaha na fremu, ndivyo vinavyoua ule mlio wa ngoma unaofukuza samaki.

Tangi tezi hapana. Huko kuna injini, dereva na petroli. Lita 60 ni kilo 60, na maji yake yanakimbilia upande boti inakolalia, yakizidisha mlalo. Liweke katikati, refu kwa urefu wa boti na jembamba kwa upana, lenye kizuizi ndani. Betri nayo ipelekwe mbele, chini ya sitaha, waya utakuwa mfupi zaidi. Sitaha yenyewe iwe sm 15 chini ya ukingo. Kila sentimita unayoipandisha unampandisha na mtu mzima aliyesimama juu yake.

Kabla ya kutoboa tundu la mwisho, panga vyote bila kuvifunga, shusha boti kwenye maji ya magotini, tia maji kwenye tangi. Mmoja akae kwenye injini, mwingine asimame omo, kisha mtu wa tatu apime kwa nje kutoka ukingoni hadi majini: tezi, omo, kushoto, kulia. Sogeza betri na tangi mpaka kushoto na kulia vilingane na tezi isikae chini mno, ndipo uchore alama za bolti.