Mjadala: DPF ikiziba, ioshwe hapohapo ilipo au ikatwe?

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Hili chujio la masizi kwenye ekzosi za dizeli linatugombanisha na mafundi kila siku, tulizungumze.

Gari langu ni la mtumba toka Japani, ruti zake fupi: Area C, mjini, Area C. Taa ikawaka, nikapuuza. Wiki ya pili kilima kidogo tu, lori la mchanga linanipita. Gereji ya kwanza walinijibu kabla boneti haijafunguliwa: "Tunakata, tunatoa vya ndani, tunachomelea, kompyuta tunaidanganya. Jioni unachukua gari." Nikaondoka.

Fundi wa pili alichomeka mashine, akanionyesha tofauti ya presha kabla na baada ya chujio. Akafungua sensa, akapitisha mpira mwembamba, akapuliza dawa ya povu, tukangoja, akasuuza kwa dawa ya pili, kisha akalazimisha masizi yaungue. Moshi mweupe ulijaa uwanja mzima; mama ntilie wa jirani akafunika maharage yake huku akitusema. Presha ikashuka, nguvu zikarudi.

Msimamo wangu: kuosha bila kushusha ni sawa, ila kwa masizi tu. Masizi ni kaboni, yakifika nyuzi 600 hivi yanateketea. Majivu ya oili hayaungui hata uyachome mpaka kesho. Hayo yakijaa, chujio lishuke likaoshwe nje. Kukata kupigwe marufuku. Tangu 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani.

— Mkuu, mimi fundi, na nimekata nyingi tu, sifichi. Mteja akitajiwa bei ya jipya anatafuta pa kukaa. Halafu nyie wa dawa hamuulizi limeziba kwa nini! Nozo inayopuliza dizeli inavuja, au tabo inayosukuma hewa kwenye injini inapitisha oili: osha leo, mwezi ujao umerudi. Chomoa na stiki ya oili. Dizeli inayoongezwa ili kuchoma masizi, ukizima gari katikati kila siku, inashukia kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Nimeona stiki imepita alama ya juu upana wa kidole, ukinusa ni kituo cha mafuta.

— Taa ya chujio ikiwaka mafundi mnatuambia tukalichape barabara ya Morogoro ili masizi yaungue. Ihumwa mpaka Kibaigwa vibao vya 50 na tochi kila kijiji. Masizi yataungua saa ngapi?

Ndugu yangu, halitaki mbio, linataka joto. Shusha gia, mizunguko ipande juu ya 2,000, uende dakika 20 hivi bila kuzima. Ukifika getini feni bado inaunguruma, ujue bado linachoma, liache limalize. Ila usiegeshe juu ya nyasi kavu, hasa Agosti hii yetu ya upepo, utachoma shamba la watu. Fundi, la stiki nimelipokea. Na oili iwe ya majivu machache, ile iliyoandikwa C3 kwenye galoni, kama kitabu cha gari kinairuhusu.

— Kwenye nyasi tuko pamoja. Kwenye marufuku bado hujanijibu: likijaa majivu kwelikweli, mteja wangu wa Nzuguni nimwambie alipakie kwenye basi alipeleke Dar, yeye aende kazini Mji wa Serikali, Mtumba, na nini?