Kulinganisha udhibiti wa presha katika vituo vya afya vya nchi tatu: rejista zinatosha?

Mratibu_Utafiti aliuliza:

Wakuu, naomba ushauri wenu. Tunaandaa utafiti wa nchi tatu kuhusu wagonjwa wa presha ya kupanda wanaohudumiwa katika vituo vya huduma za afya ya msingi. Tunataka kujua, kati ya wanaotumia dawa, ni asilimia ngapi presha yao imedhibitiwa, na nchi zinatofautiana kwa kiasi gani.

Rejista zipo kote, ila nchi moja inatumia misimbo ya magonjwa ya ICPC-2 (ya huduma za afya ya msingi), ya pili ICD-10 (ya WHO), na ya tatu bado wanaandika daftarini. Je, tunaweza kutumia presha zilizoandikwa, au lazima tupime upya? Tumepiga hesabu tukapata wagonjwa 385 kwa kila nchi: wanatosha? Na mpaka wa udhibiti tuweke 140/90 au 130/80?

Daftari_la_Kijani alijibu:

Rejista zitumieni kupata orodha ya wagonjwa. Presha pimeni wenyewe.

Sababu si uzembe wa wahudumu. Kila mfumo huandika kwa kusudi lake, na kusudi hilo huingia ndani ya namba. Uingereza ilipoanza mwaka 2004 kuwalipa madaktari wa familia kwa vigezo vya ubora, lengo la mgonjwa wa presha liliwekwa 150/90, na vipimo vilivyoandikwa vikarundikana chini kidogo tu ya mpaka huo. Mpango huohuo uliruhusu baadhi ya wagonjwa waondolewe kwenye hesabu, wakiwemo walioitwa mara tatu wasije. Asilimia ya namna hiyo ukiiweka kando ya asilimia ya nchi isiyolipa kwa vigezo, tofauti utakayoiona itakuwa imechanganya mifumo ya malipo na presha za watu, na hutaweza kuzitenganisha tena.

Misimbo ina mtego wake. Katika ICPC-2, K86 ni presha isiyo na madhara kwenye viungo, K87 ni yenye madhara, na K85 ni kipimo kilichopanda kabla ugonjwa haujathibitishwa. Katika ICD-10, I10 ni presha ya msingi, kisha I11 hadi I13 zinabeba madhara ya moyo na figo. Mkichota K86 na I10 pekee mtakuwa mmewatupa wagonjwa wenye hali ngumu zaidi. Mkichota K86 na K87 upande mmoja na I10 tu upande wa pili, nchi ya pili itapendeza bure. K85 iacheni nje.

Kwa nchi ya daftari, mtashawishika kumtambua mgonjwa kwa dawa anazopewa. Haitoshi. Vizuizi vya beta, kundi mojawapo la dawa za presha, hutolewa pia kwa kipandauso, na dawa kadhaa za presha hutibu moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri. Dawa iwafikishe kwenye faili, na utambuzi usomwe ndani ya faili.

Kuhusu mpaka: andikeni namba halisi za presha, msiandike "imedhibitiwa" au "haijadhibitiwa". Mwongozo wa Marekani wa 2017 ulishusha kiwango cha kuutambua ugonjwa hadi 130/80, lakini mwongozo wa WHO wa 2021 unabaki na lengo la chini ya 140/90 kwa wagonjwa wengi. Jibu kuu liwe 140/90, la 130/80 liwe jedwali la ziada. Kumbukeni pia kuwa aliyedhibitiwa ni yule ambaye namba zake zote mbili ziko chini ya mpaka. Mwenye 136/94 hajadhibitiwa.

Klasta_Ishirini alijibu:

Mkuu, 385 ingetosha kugundua tofauti ya asilimia 40 kwa 50 kati ya nchi mbili, kwa nguvu ya asilimia 80 (yaani uwezekano wa kuiona tofauti hiyo ikiwa ipo kweli), kama mngewachota wagonjwa mmoja mmoja kutoka nchi nzima. Nyinyi mnachota vituo kwanza, kisha wagonjwa ndani ya vituo. Wagonjwa wa kituo kimoja wanafanana: mhudumu mmoja, stoo moja ya dawa. Kufanana huko lazima mkulipie.

Kigezo cha kuzidishia ni 1 + (m − 1) × ICC, ambapo m ni idadi ya wagonjwa kwa kila kituo na ICC ni kiasi cha kufanana. Chukueni ICC ya 0.05 na wagonjwa 20 kwa kituo: 1 + 19 × 0.05 = 1.95. Basi 385 × 1.95 ni 751. Mkitarajia asilimia 10 wasishiriki, gawanyeni kwa 0.9 mpate 835, yaani vituo 42 kwa kila nchi. Mkiona vituo 42 ni vingi mkachukua wagonjwa 40 kwa kituo, kigezo kinapanda hadi 2.95: vituo vinapungua hadi 32 tu, lakini wagonjwa wanafika 1,263. Ongezeko la wagonjwa 428 kwa kuokoa vituo 10 mara nyingi halilipi. Na kwa kuwa nchi ni tatu, mna jozi tatu za kulinganisha. Mkikaza kiwango cha uthibitisho kwa hilo, ili tofauti ya bahati isidhaniwe ya kweli, hesabu ya mwanzo inapanda kutoka 385 hadi 514.

Bado kuna jambo zito kuliko yote hayo, na ndilo huharibu tafiti nyingi za aina hii bila mtu kulijua. Mtawapataje wagonjwa ndani ya kituo? Mkikaa mlangoni na kuchukua wanaokuja, anayekuja kila mwezi ana nafasi 12 kwa mwaka, anayekuja mara moja ana nafasi moja. Mbaya zaidi, mara za kuja hazitegemei ugonjwa peke yake. Nchi inayotoa dawa za siku 30 itawaleta watu mlangoni mara tatu zaidi ya nchi inayotoa za siku 90. Hivyo sera ya kugawa dawa inachagua sampuli yenu kabla hamjafika.

Penye orodha ya wagonjwa waliosajiliwa kwa daktari, kama Uholanzi na Denmark, choteni kutoka kwenye orodha kisha waiteni. Pasipo na orodha, tengenezeni moja kutoka rejista ya miezi 12 iliyopita, kila mgonjwa aonekane mara moja tu, kisha choteni humo. Ikishindikana kabisa, choteni mlangoni lakini muulize kila mmoja amekuja mara ngapi katika miezi 12, na kwenye uchambuzi mpeni uzito wa 1 gawanya kwa idadi hiyo. Utaratibu mmoja utumike nchi zote tatu, hata kama nchi moja ingeweza kufanya vizuri zaidi.

Mpimaji_Mkuu alijibu:

Naongezea upande wa kipimo, maana kosa la milimita 5 za zebaki linawahamisha watu wengi kuvuka 140.

Mashine ziwe za modeli moja nchi zote, iliyothibitishwa kwa kiwango cha ISO 81060-2. Kabla ya kuanza, na kila baada ya wiki chache, iungeni kila mashine na kipimo cha marejeo kwa mpira wenye njia mbili. Ikipishana kwa zaidi ya milimita 3, itolewe kazini. Mikanda ya mkono iwepo ya saizi tatu, na mzunguko wa mkono upimwe kwa futi ya fundi cherehani, usikadiriwe kwa macho. STEPS, utaratibu wa WHO wa kupima vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza, hutumia mkanda mdogo kwa sentimita 17 hadi 22, wa kati 22 hadi 32, mkubwa zaidi ya 32. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, kwa hiyo nchi yenye watu wanene na mkanda mmoja tu itaonekana imeshindwa kutibu.

Mgonjwa akae dakika 15, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu haijapishana, asiongee. Mkono uwekwe mezani usawa wa moyo. Ukining'inia pembeni, namba ya juu hupanda kwa wastani wa milimita 6 au 7. Pimeni mara tatu, dakika 3 kati ya vipimo, na mtumie wastani wa cha pili na cha tatu.

Kila wiki kagueni tarakimu ya mwisho. Mashine ya kielektroniki inapaswa kutoa kila tarakimu karibu asilimia 10. Sifuri zikifika asilimia 30 kwa mpimaji mmoja, hanakili anachokiona kwenye kioo.

Mratibu_Utafiti aliandika:

Nashukuru sana. Nchi moja ina wazee wengi kuliko nyingine. Tusawazishe umri kwa idadi ya watu sanifu ya WHO?

Klasta_Ishirini alijibu:

Hapana. Ile ni sura ya umri ya watu wote duniani, watoto wakiwemo, na wagonjwa wa presha hawana sura hiyo. Tumieni mgawanyo wa umri wa wagonjwa wenu wa nchi zote tatu wakijumlishwa.

Msiache kusawazisha, lakini. Chukua mfano: nchi mbili zinafanya kazi sawasawa, asilimia 40 ya walio chini ya miaka 60 wamedhibitiwa, na asilimia 60 ya waliozidi. Ya kwanza ina vijana asilimia 70, inapata 46. Ya pili ina vijana asilimia 30, inapata 54. Pointi 8 zimetoka kwenye umri mtupu. Toeni majedwali yote mawili, kabla na baada ya kusawazisha, kwa sababu mpangaji wa bajeti anahitaji namba ghafi ya watu alionao.

Daftari_la_Kijani alijibu:

Na dodoso: msiandike "Je, daktari amewahi kukuambia una presha?" Penye nchi ambayo wauguzi ndio wanaofuatilia presha, wengi watajibu hapana kwa ukweli kabisa. Andikeni "daktari au mhudumu mwingine wa afya". Kuhusu dawa, taja muda: "katika wiki mbili zilizopita". Baada ya kutafsiri, msomeeni mgonjwa swali kisha mumwombe alieleze kwa maneno yake. Tafsiri inaweza kurudi safi kwenye lugha ya awali na bado mgonjwa akaelewa kitu kingine.

Kibali cha maadili kiombwe katika kila nchi kivyake, na mkataba wa kuhamisha data uanze kuandikwa siku hiyohiyo, kwa kuwa ndio huchelewa kuliko vyote. Majina yabaki nchini mwake, faili la pamoja libebe namba ya mshiriki na umri, bila tarehe ya kuzaliwa.